Niliandika minutes za mkutano uliofunga njia ya Mama yangu

Wakuu, niaje.

Mimi ni wa wale wa kusoma nyuzi zenu na kuondoka bila kuacha neno. Leo limenikaa kooni, acha nilitoe.

Nianze na hili ili tusisumbuane huko chini: mimi huandika riwaya. Kutunga uongo ndiyo kazi yangu, na bado haijanilipa vizuri. Huu uzi si kazi. Nimebadilisha majina ya watu tu. Mengine yote yalitokea, na sehemu inayoniaibisha zaidi ndiyo ya kweli zaidi.

Ninaishi Muthangari, kwenye SQ, kile chumba cha nyuma ambacho zamani kilijengewa mfanyakazi wa nyumba na siku hizi tunakodishiwa sisi. Kitanda, meza, dirisha moja linalotazama kamba ya nguo. Nje kuna mparachichi na mbwa mzee wa landlady ambaye hubweka akikumbuka.

Mwaka jana Mama aliteleza kwenye ngazi za kanisa kule Vihiga, nyonga ikavunjika. Alifanyiwa upasuaji hapa Nairobi, akawekewa chuma, na ikaamuliwa akae kwangu hadi apone kwa sababu kliniki ya mazoezi iko karibu. Nikampa kitanda. Mimi nikahamia kwenye godoro chini, karibu na mlango.

Physio wake, yule wa mazoezi ya viungo, ni kijana mpole mwenye mikono kama ya mwashi. Siku ya kwanza alimwambia, "Mama, hii chuma ni ya kutembea. Ukikaa nayo, itakaa na wewe."

Mama akacheka, lakini alimsikia.

Kwa hivyo mkianza kuniuliza mbona sikumpandisha gari, jibu ndilo hilo. Kutembea ndiyo ilikuwa dawa. Kwenda kliniki kwa miguu ilikuwa nusu ya matibabu, na physio alisema hivyo waziwazi.

Sasa njia yenyewe.

Ukitoka kwenye geti letu unapinda kushoto, unaingia katikati ya ploti mbili za zamani. Pande zote mbili ni ua la kayaba, refu kuliko mtu, lenye miiba ya kushonea magunia. Jua la asubuhi hupenya hapo vipande vipande, kwa hivyo mtu anayekuja mbele yako unamwona mkono, kisha bega, kisha uso. Njia inateremka, inavuka kijito kwenye mbao tatu, inapanda, na unatokea nyuma ya kliniki.

Kwa mwendo wa Mama na kile kitembezi chake cha miguu minne, robo saa.

Hakuna aliyejenga njia hiyo. Imechimbwa na nyayo. Asubuhi ilikuwa imejaa: yaya waliochelewa, watu wa shamba wakielekea Spring Valley, akina mama wa Kangemi wanaokuja kufua, masoja waliotoka zamu wakitembea wakiwa wamelala nusu. Wote walimjua Mama. Walimwita Mama wa Chuma.

"Mama wa Chuma, leo mwendo uko juu."

"Pita polepole wewe, utaniangusha na upepo wako."

Kuna soja mmoja kila asubuhi alimpigia saluti. Mama aliijibu kwa uso mkavu kabisa, kisha akacheka peke yake hadi kijitoni.

Mwezi wa tatu aliacha kitembezi akashika fimbo. Mwezi wa nne physio alimpima akasema zimebaki wiki sita. Akiendelea hivyo wiki sita, nyonga itakunjika vizuri, ataweza kuketi kwenye kigoda chake cha jikoni na kuinuka bila kushikwa, na atarudi Vihiga akitembea mwenyewe. Asipoendelea, misuli itakaza mahali ilipo, na ikishakaza ni kazi nyingine.

Wiki sita. Shikeni hiyo, ndiyo uzi mzima.

Kibao kilikuwa kimesimamishwa mwezi mmoja na kidogo kabla ya hapo.

Mnavijua hivi vibao. Kila kona ya upande huu wa jiji kuna kimoja. Nyumba ya bibi mmoja yenye maua inavunjwa Jumatatu, Ijumaa kuna picha ya jengo la vioo. Letu lingekuwa la gorofa kumi na sita, kwenye ploti ya kulia kwa njia. Na pale chini ya picha, wakuu, wamechorwa watu wanatembea. Mwanamke mwenye mbwa. Mwanamume ameshika kahawa. Watoto kwenye lami pana, miti mipya imepandwa kwa mstari, hakuna mtaro, hakuna kokoto, hakuna hata lori moja. Juu kumeandikwa Walkable Living, yaani maisha ya kutembea kwa miguu.

Mimi nilisimama mbele ya kile kibao nikafurahi. Nakiri. Nilidhani wanatujengea footpath, njia ya waenda kwa miguu.

Halafu tukaitwa kwenye public participation, kile kikao cha kuuliza wakaazi maoni.

Jumamosi, saa nne asubuhi, hema jeupe ndani ya ploti, viti vya plastiki, soda na vipande vya keki. Tulikuwa kama watu thelathini. Developer, mwenye mradi, hakuja, alimtuma Sharon, dada mmoja mchangamfu mwenye buti safi za mjengo. Alitueleza kuhusu maji, stima, parking. Alieleza kwa fahari kwamba gorofa ya nane kutakuwa na gym yenye mashine za kutembelea zinazotazama bonde.

Kisha akauliza nani atatuandikia minutes, zile kumbukumbu za mkutano.

Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Nduku, mama mstaafu wa kutoka Machakos aliyefundisha darasa la saba hadi sauti yake ikabaki hukohuko. Akaninyooshea kidole.

"Huyu wetu ni mwandishi wa vitabu."

Watu wakageuka kunitazama. Sharon akasema, "Wow." Nikachukua kalamu.

Nitawaambia jinsi watu wetu wanavyozungumza mkutanoni, ingawa nyote mnajua kwa sababu nyote mmelelewa hivyo. Huwezi kusimama tu ukasema jambo lako. Huo ni utovu wa adabu, utaulizwa ulilelewa na nani. Unasalimu kwanza. Unamshukuru Mungu kwa siku. Unamshukuru aliyekuita, unashukuru hata soda. Unasema wazi kwamba hupingi maendeleo, ili usionekane mchawi wa mtaa. Ndipo, ukiwa tayari umeanza kuinama kurudi kwenye kiti, unasema lililokuleta.

Mama alisimama kwa fimbo yake.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi ni mgeni hapa, nimekuja kwa mtoto. Kwanza nashukuru Mungu, miezi michache iliyopita nilikuwa wa kubebwa. Nashukuru hawa vijana kwa kutukumbuka, na keki ni tamu. Sisi hatukatai maendeleo. Nyumba ni nzuri, watoto wetu wapate kazi. Ni vile tu, kama ingewezekana, kale kanjia ka hapo kando mtuachie. Ni hayo tu, asanteni."

"Mama, tumekusikia," Sharon akasema. Watu wakapiga makofi.

Waliomfuata walikwenda vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Shukrani, hatupingi, ni vile tu. Kila mmoja alitaja njia, na kila mmoja aliitaja mwishoni, kwa sauti ya chini.

Nikayachukua maelezo nyumbani, na hapa ndipo kosa langu lilipo.

Mwandishi akipewa maneno yanayojirudia hawezi kuyaacha. Niliona shukrani kumi na mbili, nikazifuma ziwe aya moja nzuri inayotiririka. Niliona watu wanane wanaomba njia, nikasema, hii inachosha, nikaibana ikawa nusu ya sentensi. Nilifanya kazi asubuhi mbili nzima. Nilitafuta kitenzi kinachofaa kwa Mama nikachagua "alipendekeza". Nilimsomea Mwalimu Nduku aya ya kwanza na macho yake yakang'aa. Akatia sahihi. Tukaziambatisha na ile karatasi ya mahudhurio ambayo sote tuliisaini tukiingia, kabla hata ya kupewa soda, na Sharon akazichukua zote akasema hajawahi kupokea minutes nzuri namna hiyo.

Nilitembea na hiyo sifa mwezi mzima.

Mwezi ulipoisha, wiki ileile physio alipotuhesabia zile sita, tulitoka asubuhi kwenda kliniki, tukapinda kushoto, tukakuta mabati.

Mabati ya kijani, mapya, kutoka ua la kushoto hadi palipokuwa ua la kulia. Kayaba ya kulia ilikuwa imeng'olewa, imelala chali, mizizi juu. Mbele yetu yaya wawili walikuwa wamesimama wakiyatazama mabati kama watu waliofika nyumbani wakakuta kufuli si lao.

Foreman, msimamizi wa mjengo, anaitwa Kyalo. Si mtu mbaya. Alitoka kwa kilango kidogo, helmet mkononi.

"Hii njia imefungwa, madam. Zungukeni."

"Imefungwa na nani? Tuliomba iachwe."

"Mimi niliambiwa mlikubali."

"Nani alikubali?"

"Nyinyi. Kuna minutes. Nimeambiwa ziko na Kiswahili safi mpaka boss alizisoma mara mbili." Akamtazama Mama, akaona fimbo, akashusha sauti. "Pole, Mama. Mimi ni wa kumwaga zege tu."

Mama hakunitazama. Alisema, "Twende tuzunguke, tusichelewe."

Tukazunguka.

Wale mnaoendesha magari hamjui hii barabara ninayowaambia, mnaipita. Acheni niwatembeze. Ukitoka kwetu kwenda barabara kuu hakuna footpath. Kuna ukanda wa udongo kati ya lami na mtaro. Ukanda huo ni wa kila mtu isipokuwa anayetembea. Mita chache za kwanza kuna rundo la mchanga wa mjengo mmoja. Unashuka kwenye lami, unalizunguka, unapanda. Halafu kokoto za mjengo wa pili. Unashuka tena. Halafu mabati ya mjengo wa tatu yamesogezwa hadi kwenye lami yenyewe, kwa hivyo hushuki wala hupandi, unatembea barabarani na magari. Halafu gari limepaki, la mteja amekuja kuona show house, nyumba ya maonyesho. Halafu mtaro hauna kifuniko. Halafu kuna footpath, kweli, ya cabro nzuri, yale matofali ya kupanga chini, mbele ya jengo lililokamilika, urefu wa geti hadi geti, kisha inakatika ghafla kwenye tope kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema.

Hiyo ndiyo Walkable Living. Kila mmoja ameijenga mbele ya geti lake.

Ilituchukua dakika hamsini. Mama alikuwa analowa jasho kwenye ile sehemu ya mabati. Lori la kokoto lilikuwa linarudi nyuma, na pickup iliyokuwa nyuma yetu haikutaka kungoja. Kioo chake cha pembeni kikampiga Mama kwenye kiwiko. Hakuanguka. Aligeuka akayakumbatia mabati, uso umebanwa pale, fimbo imeanguka mtaroni, na akabaki hivyo. Nilimwita mara mbili. Nilipomgusa mgongo nilihisi moyo wake kupitia sweta.

Dereva alishusha dirisha. "Mama, hii ni barabara."

Nilimwambia maneno ambayo moderator hatayaacha hapa.

Tulifika kliniki, akafanya mazoezi. Tuliporudi nilimpandisha teksi. Akiwa anavua viatu kitandani akasema, "Kageha, mimi sitavunjika mara ya pili kwa sababu ya gorofa ya mtu."

Na Mama akisema hivyo amemaliza.

Nilijaribu kumtembeza ndani ya compound. Kutoka mlangoni hadi mparachichi, kuzunguka kamba ya nguo, kurudi. Mzunguko mmoja ni hatua arobaini. Siku ya kwanza alifanya kumi. Siku ya tatu alifanya minne akasimama katikati ya nguo za landlady.

"Nazunguka kama kuku amefungwa kamba mguuni."

"Mama, mguu haujui kama unazunguka."

"Mimi najua."

Mtu hatembei kwa sababu ana miguu. Nilikuja kulielewa nikimtazama. Pale njiani alikuwa na soja wa kupiga saluti, na yaya wa kutaniana nao, na kijito cha kuvuka. Alikuwa anakwenda mahali. Hapa alikuwa anafanya mazoezi tu. Akaanza kukaa. Asubuhi aliketi kitandani akisikiliza redio, jioni aliketi nje, na nilipomsaidia kuinuka nilisikia anavyoninyima uzito wake, kisha siku moja hakuninyima tena, akaniachia wote.

Wiki mbili zilikuwa zimeisha kati ya zile sita.

Nikaenda mjini, kwa ofisi moja ya serikali inayoshughulikia mambo haya. Sitaitaja na haina kosa humu. Nilikwenda kwa miguu, kwa hasira. Cha kuudhi ni kwamba ukishafika katikati ya jiji, unatembea. Cabro imepangwa, watu wanamiminika, hawkers wametandaza soksi na chaja, unakanyagwa na kuombwa radhi, lakini kuna mahali pa kuweka mguu. Kule kwetu tunakoambiwa ndiko kuzuri, hakuna.

Afisa niliyemkuta ni mama wa makamo, miwani kwenye kamba, thermos ya chai pembeni. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaenda akaleta file, akalamba kidole, akaifunua.

"Hapa kuna minutes," akasema, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma vizuri. Alisoma aya yote ya shukrani, na nilisikia kila koma niliyoiweka. Akashusha miwani.

"Hii Kiswahili ni tamu. Nani aliandika?"

"Ni mimi."

Alinitazama kidogo. Akageuza file ikanielekea.

"Basi nionyeshe wewe. Mimi nimetafuta mahali mlikataa, sijaona."

Wakuu, nilizisoma kurasa zangu mwenyewe kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mfuko wa mwingine. Nilijua ile hoja ya njia iko. Nilikuwa nimeiandika. Nikaipata ukurasa wa pili, chini, mkia wa sentensi inayoanza na maendeleo: "...na mkaazi mmoja mwenye umri alipendekeza suala la njia ya kando lizingatiwe."

Nikaweka kidole hapo.

Akaisoma. "Hii ni pendekezo," akasema. "Wataandika kwamba walizingatia."

"Watu wote walisema njia. Watu wanane."

"Msichana wangu, mimi sikuwa kwa hiyo hema. Mimi niko na karatasi." Akajimiminia chai. "Leteni barua. Mseme mnataka nini, kwa mstari wa kwanza. Na usinishukuru."

Jioni nilimwambia Mama. Nilikuwa nimefikiria namna ya kulizungushia hilo jambo, nikaona ndicho hasa kilichotufikisha hapo. Nikasema, "Mama, njia ilifungwa kwa minutes zangu."

"Hebu soma."

Nikasoma. Aliizima redio nikiwa bado nusu ya aya ya kwanza. Nilipomaliza mkono wake ulikuwa ukipapasa paja la ule mguu.

"Lakini nilisema njia."

"Ulisema, Mama."

"Mbona hapa ni kama nilikuwa naomba chumvi kwa jirani?"

Ni kweli alisema kama anayeomba chumvi, na mimi nikaipunguza hiyo chumvi.

"Chukua kalamu," akasema. "Andika vile nasema, usirembe."

Ikawa hivi, nzima: Njia iliyo kando ya ploti hiyo tunapita kila siku kwa miguu. Imefungwa kwa mabati. Tunataka ifunguliwe. Kuzunguka ni barabarani na magari, na mtu ameshagongwa. Hatukukubali ifungwe.

Nilitaka kuongeza neno. Mama akaninyang'anya kalamu.

Kukusanya sahihi ilikuwa kazi kuliko kuandika riwaya. Hakuna aliyekataa yaliyomo. Walikataa mwanzo. Jirani mmoja alisoma akauliza ukurasa wa kwanza uko wapi. Mwingine alisema atasaini nikiongeza "kwa heshima na taadhima". Mwalimu Nduku alinipeleka kwenye veranda yake, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu.

"Huwezi kuanza barua hivi, mwanangu. Ni kuingia kwa nyumba ya mtu bila kubisha."

"Mwalimu, wao walifunga bila kubisha."

"Hiyo ni tabia yao. Sisi tuna yetu."

"Tabia yetu ndiyo iko kwenye file."

Kalamu nyekundu ilikaa juu ya karatasi, na nilijua mkono ule, umesahihisha maelfu ya insha. Akauliza, "Mama yako anaendeleaje?"

"Ameacha kuinuka mwenyewe."

Akarudisha kalamu nyekundu mfukoni. Akatafuta ya bluu, akatia sahihi, akaandika na cheo chake cha mwenyekiti. "Hata tarehe hujaweka juu," akanung'unika, akaiweka yeye.

Baada yake wengine walisaini siku hiyohiyo. Kyalo naye aliniita kwenye kilango, akaisoma, akasema hawezi kusaini yeye ni wa mjengo, lakini yaya mmoja ni dada yake wa kanisa, nimtafute.

Nikaipeleka. Afisa aliisoma akiwa amesimama. Akaigonga muhuri, akasema, "Sasa mmeongea."

Sasa ngojeni, maana najua mnangoja nishinde.

Serikali ina mwendo wake, na mguu wa Mama una wake. Mkaguzi alikuja akapima. Akarudi. Sharon alituma ujumbe kwamba suala linashughulikiwa. Wiki ya tatu, ya nne. Nilimpeleka Mama kliniki kwa teksi nilivyoweza, na physio alimlaza, akainua goti taratibu, likafika mahali likagoma. Akajaribu tena, mara hii akiangalia ukuta badala ya kutuangalia.

"Mama, umekuwa ukikaa."

"Nimekuwa nikikaa," Mama akakubali.

Wiki ya sita ilipoisha alikuwa amerudi kwenye kitembezi cha miguu minne. Kaka yangu alikuja kumchukua. Mama alisema kule nyumbani angalau akitoka mlangoni kuna mahali pa kwenda, hata kama ni kwa kitembezi, hata kama ni hadi kwa jirani. Alikunja sweta zake mwenyewe, ameketi. Alikataa nimkunjie.

Siku tisa baada ya yeye kuondoka, njia ilifunguliwa.

Si ile ya zamani. Ni kipenyo kati ya mabati na kayaba ya kushoto, upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Wameweka mbao mpya kijitoni na kibao kidogo cha kuomba radhi kwa usumbufu. Asubuhi ya kwanza nilisimama pale nikaona yaya wanapita, na watu wa shamba, na yule soja. Aliniuliza Mama wa Chuma yuko wapi. Nikamwambia ameenda nyumbani. Akasema, "Amepona basi," akafurahi, akapita. Sikumsahihisha. Nilirudi ndani, sikuandika kitu siku hiyo.

Nilimpigia Mama.

"Wamefungua."

"Wamefungua kweli?"

"Kweli. Watu wanapita."

Nilisikia kuku nyuma yake, na kitembezi kikigonga sementi, tko, kimya kirefu, tko. Alikuwa anatoka nje ili anisikie vizuri.

"Kwa hivyo ile barua ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa nzuri, Mama. Ilichelewa."

"Haikuchelewa kwa hao wanapita," akasema. Halafu baada ya tko nyingine mbili, "Kwangu ilichelewa."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma minutes sawasawa.

Somo langu ni fupi na mnaweza kunicheka. Hatupingi maendeleo, tumelisema hilo hadi limekuwa wimbo wa taifa wa kila hema jeupe, na wanaotuita kwenye mahema wanalijua kuliko sisi. Wanangoja tulimalize, wanaliandika, wanaondoka. Au hawaandiki hata. Wanatafuta mmoja wetu mwenye mwandiko mzuri na kiu ya kusifiwa. Ukienda kwenye huo mkutano, sema njia kwanza. Ukishaisema, kaa chini. Na ukipewa kalamu, andika kila mtu alivyosema, hata kama wanane wamerudia kitu kimoja. Wamerudia kwa sababu ndicho hicho.

Kuna mjengo mwingine unaanza mtaa wa juu, ploti ya bibi mwenye maua mengi. Tumeitwa Jumamosi ijayo. Mwalimu Nduku ameniomba niandike tena minutes na nimekubali.

Sasa ni zamu yenu. Niambieni njia gani imefungwa mtaani kwenu na kwenye file kumeandikwa mlisema nini. Na mnaotaka kuniambia nilimponza Mama yangu, msianze na pole wala hongera kwa uzi mzuri. Andikeni hilo mstari wa kwanza.

Nitasoma yote.